CBD kwa mwanamichezo anayepimwa: mafuta ya mmea mzima, CBD safi, krimu au vidonge vya kawaida?

Swali ni lilelile kila mara na mara nyingi linakuja usiku baada ya mechi, mtu goti linapwita na usingizi umekataa: "Hivi CBD si imeruhusiwa?" Anayeuliza analipwa kucheza, yani kodi ya nyumba na ada za watoto zinatoka kwenye miguu yake, afu hapo alipo ana kichupa mkononi cha CBD, ile dawa isiyolevya inayotoka kwenye mmea wa bangi, alichopewa na mwenzake wa timu. Jibu fupi ni ndio, imeruhusiwa. WADA, shirika la kupambana na dopingi duniani, yani matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni, liliitoa CBD kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa kuanzia tarehe 1 Januari 2018.

Jibu hilo fupi ndo linalonipa hofu, maana CBD ilitoka peke yake. THC, ile inayolevya kwenye bangi, bado imekatazwa wakati wa mashindano, na ndugu zake wengine wa kwenye mmea huohuo, CBG, CBN na wenzao, wawe wa asili au wametengenezwa maabara, wote bado wako ndani ya katazo. Sasa mmea hauji umejigawa kwa kufuata orodha ya WADA, unakuja mzima, kila kitu kimechanganyikana, na mtengenezaji ndo anachuja anavyojua yeye. Kwa hiyo ukishika kichupa swali la kujiuliza ni hili: humu ndani CBD imeongozana na nani?

Nalinganisha vitu vinne hapa. Mafuta ya mmea mzima, ambayo lebo inayaita fulu spektramu. CBD safi iliyochujwa ikabaki peke yake. Krimu ya CBD ya kupaka. Na vidonge vya kawaida vya maumivu, ibuprofen na wenzake, kwa sababu wachezaji wengi wanaokimbilia CBD wanakimbia hivyo vidonge, na huwezi kusema kitu ni bora kama hujakiweka karibu na kile kinachokuja kuchukua nafasi yake.

Napima kwa vigezo gani

Vinne tu, na kila kimoja kati ya hivyo vitu kitapita palepale. Cha kwanza ni dopingi: uwezekano wa kukutwa na kitu kwenye mkojo. Cha pili, kinafanya kazi kweli au tunahisi tu? Cha tatu ni mwili wenyewe, yani ini, figo, tumbo, na kugombana na dawa nyingine unazomeza. Cha nne nakiita mfuko na begi: kinakula hela kiasi gani kwa dozi inayoeleweka, na je unaweza kuvuka nacho mpaka bila matatizo. Hiki cha nne watu wanakisahau kabisa hadi siku wako kwenye foleni ya forodha.

Kabla ya kuendelea, elewa kipimo chenyewe maana bila hapo mengine yote yataelea. Maabara haitafuti kama umelewa, inatafuta mabaki ya THC kwenye mkojo, na kikomo ni nanogramu 150 kwa mililita. Zamani kilikuwa 15, kikapandishwa mwaka 2013, hivyo mtu aliyevuta moshi wa jirani kwenye sherehe hana cha kuogopa sana. Kipindi cha mashindano kinaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mashindano mpaka sampuli zichukuliwe. Watu wakisikia hivyo wanasema basi nikitumia Jumanne Jumamosi nitakuwa freshi, na hapo ndo wanakosea, kwa sababu THC inakaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, na mtu anayetumia kila siku anaweza kuendelea kukutwa nayo wiki kadhaa baada ya kuacha. Sha'Carri Richardson alishinda mita 100 kwenye mchujo wa Marekani wa Olimpiki mwaka 2021 kwa sekunde 10.86, kipimo kikaonyesha THC, akafungiwa mwezi mmoja na ule ushindi ukafutwa, Tokyo hakukimbia. Yake ilikuwa bangi na alisema wazi kabisa. Ila maabara ikiona THC haiulizi imetoka kwenye sigara au kwenye matone ya usingizi, na sheria ni kwamba kilichokutwa mwilini mwako ni chako, sababu utaeleza baadae mbele ya jopo ukiwa nje ya uwanja.

Tangu 2021 kuna nafuu kidogo: ukithibitisha ulitumia nje ya mashindano na haihusiani na kuongeza uwezo wako, adhabu ni miezi 3, na inaweza kushuka hadi mwezi 1 ukikubali kupitia programu ya matibabu. Nafuu ndio, ila mwezi mmoja ukiangukia kwenye mashindano makubwa ni miaka minne ya maisha yako.

Halafu ligi hazifanani. Za Marekani kwa mfano: NBA ya kikapu iliacha kupima bangi kwenye makubaliano ya 2023, baseball ya MLB iliitoa kwenye orodha ya dawa za kulevya mwishoni mwa 2019, NFL ya futiboli ya Kimarekani tangu makubaliano ya 2020 haimfungii mtu mechi kwa kipimo cha bangi peke yake, na UFC, wale wa mapambano ya ngumi na mateke, nao waliitoa mwisho wa 2023. Nate Diaz, mpiganaji wa UFC, ni mfano mzuri wa jinsi mambo yalivyobadilika, Agosti 2016 alikaa mbele ya waandishi baada ya pambano akivuta CBD kwenye sigara ya umeme, akasema inasaidia kupona, na akapewa onyo la hadharani kwa sababu wakati huo CBD nayo ilikuwa imekatazwa na yeye alikuwa bado ndani ya muda wa mashindano. Leo hiyo CBD yenyewe isingekuwa kosa.

Mafuta ya mmea mzima (fulu spektramu)

Hapa kila kitu cha kwenye mmea kimeachwa: CBD nyingi, THC kidogo, CBG, CBN, na yale manukato ya asili. Wanaoyapenda wanasema vitu hivi vikifanya kazi pamoja vinakuwa na nguvu kuliko CBD peke yake.

Kwenye dopingi hii ndo yenye hatari kubwa kuliko zote nne na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu kuna namba moja inadanganya watu. Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliruhusu hempu, yani bangi isiyolevya, iwe na THC isiyozidi asilimia 0.3. Ukiisoma 0.3 kichwani inakuja kama sifuri. Sasa chukua kalamu. Chupa yenye gramu 30 za mafuta, kama mafuta yamefika kwenye hicho kikomo, asilimia 0.3 ni miligramu 90 za THC. Ukinywa gramu moja kila siku unameza miligramu 3 za THC kila siku mwezi mzima. Watafiti wa Marekani wanahesabu miligramu 5 kama dozi moja ya kawaida ya THC, kwa hiyo unakula zaidi ya nusu dozi ya kitu kilichokatazwa kila siku ya Mungu, kinajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili, na ukiulizwa utaapa kwamba hujawahi kugusa bangi. Na utakuwa mkweli kabisa moyoni mwako.

Na hata THC ikiwa chini ya kikomo, zile CBG na CBN hazina kikomo cha kukuokoa. Hapa ndo inaingia aina ya katikati, brodi spektramu, ambayo THC imetolewa ila wengine wameachwa. Wauzaji wanaiuza kama salama kwa wanamichezo na ninaelewa kwanini inavutia, ila kwa sheria ya WADA hao walioachwa bado wamekatazwa. Mimi naiweka kapu moja na fulu spektramu kwa yeyote anayepimwa.

Inafanya kazi? Hiyo hoja ya kwamba mmea mzima una nguvu kuliko CBD peke yake imejengwa zaidi na maabara, wanyama na masimulizi kuliko majaribio mazuri kwa binadamu, hasa wanamichezo. Lakini sitamwita mtu muongo akisema analala vizuri zaidi nayo, THC kidogo kweli inaleta usingizi kwa watu wengi, ila basi ujue kilichokulaza kinaweza kuwa hichohicho kilichokatazwa.

Mwilini: usingizi mzito, mdomo kukauka, na kwa anayeendesha baiskeli kwa kasi au anayepigana, wepesi wa kujibu kushuka kidogo ni jambo la kuumia. Kwenye begi hii ndo mbaya zaidi. Brittney Griner, mchezaji wa kikapu wa Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege karibu na Moscow Februari 2022 akiwa na mafuta ya bangi ya kuvuta yasiyofika gramu 1, akahukumiwa miaka 9, akatoka Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Yale hayakuwa CBD ya dukani, najua. Ila afisa wa forodha anaona mafuta yanayotoka kwenye bangi, na nchi nyingi THC yoyote ile ni THC.

Inamfaa nani? Mtu asiyepimwa, yupo nchi inayoruhusu, hasafiri nayo. Mstaafu kwa mfano.

CBD safi

Hii ni unga au mafuta ambayo vingine vyote vimechujwa. Lebo nyingine zinaandika aisoleti au asilimia 99 na kuendelea.

Dopingi: kati ya zile za kumeza hii ndo yenye nafasi nzuri, kwa karatasi. Kwa karatasi nasema kwa sababu lebo na chupa ni vitu viwili. Watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni Marekani wakazipima, matokeo yakatoka mwaka 2017 kwenye jarida la kitabibu la JAMA: ni asilimia 31 tu zilikuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa, na bidhaa 18 kati ya 84 zilikutwa na THC. Moja katika kila tano, karibu. Ungeambiwa moja kati ya gari tano za timu haina breki ungepanda?

Kwa hiyo CBD safi ina maana pale tu kuna mtu wa tatu amepima. Cheti kinachojulikana zaidi ni cha NSF, shirika la Marekani la kupima bidhaa, kwa ajili ya michezo, na MLB ilipoingia mkataba na kampuni ya Charlotte's Web Oktoba 2022 kuwa CBD rasmi ya ligi, bidhaa zilitakiwa ziwe zimepita hapo. Usiangalie nembo tu kwenye boksi maana nembo mtu anaweza kuchapisha kwake, chukua namba ya batchi, yani fungu lililotengenezwa pamoja, iliyoko chini ya chupa uitafute kwenye orodha ya mwenye cheti, na kama haipo hiyo siyo bidhaa yako. Ripoti ya maabara iliyotolewa na muuzaji mwenyewe ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila ni ya batchi moja aliyoichagua yeye. Na hata cheti hakiondoi ile sheria ya kilichokutwa mwilini ni chako, kinapunguza uwezekano tu, mashirika ya kupambana na dopingi, USADA ya Marekani na UKAD ya Uingereza, wote wanasema hivo kwa wanamichezo wao.

Sasa inafanya kazi? Hapa naomba tuwe wakweli wote, wanaoipenda na wasioipenda.

CBD ni dawa halisi kwa kitu fulani. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kwa aina nzito za kifafa kwa watoto, na inapunguza degedege kweli. Dozi yake inafika miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mchezaji wa kilo 80 hapo anaongelea miligramu 800 hadi 1600. Kwenye woga kuna utafiti wa Brazil wa 2011, watu wenye tatizo la kuogopa kuongea mbele za watu walipewa miligramu 600 kabla ya kusimama, na hofu yao ikashuka kuliko wale waliopewa kidonge cha bandia, kisicho na dawa ndani. Watu walikuwa wachache ila matokeo yanaeleweka. Sasa rudi kwenye kichupa chako, matone kumi asubuhi miligramu 20, ndo unaona pengo lilivyo. Masimulizi mengi ya faida yanatokea kwenye dozi ambayo wanasayansi wameigusa kidogo sana.

Kwenye maumivu, ambako ndiko wachezaji wengi wanaelekea, habari siyo nzuri. Uchambuzi mmoja wa jarida la maumivu la Marekani ulikusanya majaribio 16 ya kulinganisha CBD na kidonge cha bandia, na 15 kati ya hayo hayakuona tofauti. Upande wa pili kuna wachezaji 517 wa rugby wa kulipwa waliohojiwa, matokeo yakachapishwa 2020, na asilimia 26 walikuwa wanatumia au wamewahi kutumia CBD, na wengi wa hao walisema wamesaidika. Hivi vitu viwili vinaweza vyote kuwa kweli. Mchezaji anaanza dawa siku maumivu yamefika kileleni, na maumivu yakifika kileleni kinachofuata ni kushuka, uwe umemeza au hujameza. Kulala vizuri kidogo pia kunapunguza maumivu ya mwili. Na kuamini unachukua hatua kuhusu jeraha lako kunatuliza, hilo lina thamani yake na simdharau mtu, ila usilipie hatari ya kufungiwa kwa ajili yake.

Mwilini watu wanadhani ni chai ya majani. CBD inapita kwenye ini, na inatumia njia zilezile za kuvunja dawa nyingine nyingi. Ukiwa unameza warfarin ya kuzuia damu kuganda inaweza kuipandisha damuni, dawa fulani za kifafa pia. Dozi kubwa zimepandisha vimeng'enya vya ini kwenye majaribio, na kuna kuharisha, kuchoka na kupoteza hamu ya kula, mambo ambayo mtu anayetafuta kilo kwa ajili ya pambano atayaona kama anafanyiwa hujuma. Uingereza mamlaka ya chakula ilishauri mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 70 kwa siku, Oktoba 2023 wakashusha mpaka 10. Kumi! Ukilinganisha na zile 600 za utafiti unaona bidhaa iko kati ya viti viwili, dozi inayoonekana kuwa salama kwa kila siku ni ndogo na dozi yenye ushahidi ni ya kusimamiwa na daktari.

Kitu kingine kidogo ila kina maana: ukiimeza na chakula chenye mafuta mengi inaingia damuni karibu mara 4 kuliko ukiimeza tumbo tupu. Yani mtu anayebadilisha chakula chake anabadilisha dozi bila kujua, leo amelala fofofo, kesho hajasikia kitu, anadhani chupa mpya ni feki.

Mfuko: chupa ya miligramu 1000 kwa dozi ya 300, nusu ya ile ya utafiti wa Brazil, inakwisha siku ya nne asubuhi. Fanya hesabu ya mwezi mwenyewe. Begi: nafuu kuliko fulu spektramu ila kuna nchi hata CBD safi ni marufuku, hivyo ukisafiri kaulize kwanza au iache nyumbani.

Inamfaa anayepimwa ambaye tatizo lake ni usingizi au wasiwasi zaidi ya maumivu, ana daktari wa timu anayejua, na anaweza kupata bidhaa yenye cheti kwa batchi.

Krimu ya kupaka

Hapa sitakaa sana. Krimu ya kawaida inaishia kwenye ngozi na kidogo chini yake, kinachofika damuni ni kidogo sana, kwa hiyo upande wa dopingi hatari inashuka. Ila tenganisha krimu na plasta za kubandika ambazo zimetengenezwa makusudi zipenyeze dawa hadi kwenye damu, hizo zihesabu kama umemeza. Na krimu nayo ina fulu spektramu na ina safi, usidhani kupaka kunafuta lile swali la kuongozana na nani.

Ushahidi ni mdogo. Krimu nyingi za CBD zina mentholi au kafuri ndani, na ule ubaridi au moto unaousikia unatoka huko, bila kusahau kwamba umekaa dakika tano unajisugua goti, na kusugua ni tiba. Jaribio rahisi: tafuta krimu ya mentholi isiyo na CBD, paka wiki mbili, afu ile ya CBD wiki mbili, andika namba ya maumivu kila usiku. Kama namba zinafanana umeokoa hela. Madhara ni ngozi kuwasha kwa wengine, na usipake penye jeraha lililofunguka. Forodha wao hawajali unapaka au unameza.

Inafaa kwa kiungo kimoja chenye kero, kidole gumba, kiwiko, enka, kwa mtu anayetaka kujaribu bila kujiweka kwenye hatari kubwa.

Vidonge vya kawaida

Ibuprofen, diclofenac, naproxen, paracetamol. Hivi havimo kwenye orodha ya WADA kabisa, na kinachofanya nivipe nafasi sawa ni hicho. Ila angalia jirani yake: tramadol, dawa nzito zaidi ya maumivu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 tramadol imekatazwa wakati wa mashindano kwa michezo yote inayofuata WADA, na baiskeli walitangulia tangu 2019. Mwendesha baiskeli Nairo Quintana alifutiwa nafasi yake ya sita kwenye Tour de France ya 2022 kwa tramadol. Wachezaji wengi wanaimeza kama pipi, ikiwa kwenye droo ya timu miaka yote, na hawajui kama sheria imebadilika. Morphine na oxycodone nazo zimekatazwa wakati wa mashindano.

Kufanya kazi, hapa hakuna ubishi, kwenye enka iliyoteguka au msuli uliopigwa ibuprofen inapunguza maumivu na majaribio ya kuthibitisha ni mengi. Na hela yake ni ndogo, na forodha hakuna atakayekuuliza.

Bei yake inalipwa mwilini. Vidonda vya tumbo, kutokwa damu tumboni, presha kupanda, na figo. Figo hasa kwa wa masafa marefu. Mwaka 2017 kulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 89 wa mbio za karibu kilomita 80, nusu wakapewa ibuprofen miligramu 400 kila saa 4 na nusu kidonge cha bandia, waliopata jeraha la figo la muda ni asilimia 52 upande wa ibuprofen na 34 upande wa pili. Watu hawakuwa wengi kiasi cha kufunga mjadala, ila mimi baada ya kusoma hiyo simshauri mtu ameze ibuprofen kabla ya mbio ndefu akiwa anatoka jasho na hanywi maji ya kutosha. Paracetamol haina tatizo hilo la tumbo ila ukizidisha gramu 4 kwa siku unaliweka ini kwenye hatari, na watu wanazidisha bila kujua kwa sababu imo pia kwenye dawa za mafua.

Na kuna hili ambalo kocha hatakuambia: kidonge kikifanya kazi vizuri kinanyamazisha taarifa. Maumivu ni mwili unaongea. Ukicheza wiki sita juu ya vidonge unaweza kugeuza mpasuko mdogo kuwa upasuaji. Kwa hapa CBD yenye nguvu ndogo ina faida ya ajabu, haikudanganyi sana.

Vinamfaa mwenye maumivu mapya yenye sababu inayojulikana, kwa siku chache, asiye na historia ya vidonda vya tumbo wala figo.

Sasa wewe uko wapi kati ya hawa

Kama unapimwa chini ya WADA na mashindano yako ndani ya miezi miwili, usianze CBD yoyote ya kumeza sasa. Hata ile safi. Huna muda wa kujua mwili wako unaipokeaje na huna muda wa kusafisha kosa la mtengenezaji. Maumivu mapya peleka kwa daktari wa timu, vidonge vya siku chache, barafu, fizio, na ukitaka kupaka, krimu ya mentholi isiyo na CBD inatosha.

Kama uko kwenye ligi isiyopima bangi lakini unaitwa timu ya taifa, we ndo uko sehemu ya hatari kuliko unavyodhani. Msimu mzima umeizoea fulu spektramu na hakuna aliyekuuliza, afu barua ya wito inakuja na siku hiyo unahama sheria bila kuhama mwili, THC ya miezi imekaa kwenye mafuta. Ukijua kuna uwezekano wowote wa kuitwa, ishi kwa sheria kali zaidi mwaka mzima.

Kama msimu umeisha na shida yako ni usingizi au wasiwasi wa kabla ya mechi, huo ndo muda wa kujaribu CBD safi yenye cheti cha batchi, daktari akijua, dozi ndogo, wakati uleule wa chakula kila siku, na daftari pembeni. Andika saa uliyolala na saa uliyoamka kwa wiki mbili kabla ya kuanza na wiki nne baada. Bila zile wiki mbili za mwanzo hutakuwa na cha kulinganisha na utabaki kuhisi tu. Na kama hujawahi kurekebisha muda wa kulala, simu kitandani na kahawa ya jioni, anza huko, havina maabara wala forodha.

Kama unaishi kwa vidonge, yani mwezi haupiti bila ibuprofen na tumbo limeanza kuungua, usibadilishe kidonge kwa kichupa kimyakimya. Hiyo ni kazi ya picha na daktari wa mifupa, kuna kitu hakijatibiwa. CBD inaweza kuingia baadae kama msaidizi.

Kama una dawa unazotumia kila siku, za kifafa, za kuzuia damu kuganda, za msongo wa mawazo, CBD ya kumeza isianze kabla mfamasia hajaona orodha yako yote.

Kama unasafiri kila wiki kwa ajili ya mashindano ya nje, utakachoanza kiwe kitu unachoweza kukiacha nyumbani siku tano bila kuteseka. Kama huwezi kukiacha usianze nacho.

Na kama umestaafu, jina lako limetoka kwenye orodha ya kupimwa na umethibitisha kwa maandishi kwamba limetoka, basi mlango wa fulu spektramu uko wazi kwako kwa kadiri sheria ya unapoishi inavyoruhusu. Jaribu usiku, usiendeshe gari baada ya hapo, na kama bado unawafundisha vijana kifungie mbali na begi la timu, maana kijana akikuona unakunywa atakunywa na yeye, na yeye bado anapimwa.